Bunduki Peke Yake, Risasi Peke Yake

Baraka, Jumatano 3 Septemba 2003

Yaya Nadège,

Sisi wa huku tuko hai, na kuku wa Mama wako hai pia, jambo ambalo siku hizi ni habari ya kuandikia barua. Matanga ya Baba tumeyafunga Jumamosi. Watu walitoka Nundu, wengine Kazimia, wakala, wakalia, wakala tena. Wewe na yaya Henri, wakubwa wangu wawili, mlitajwa sana, na kila mtu alisema Bukavu imewameza.

Neno kubwa ni hili. Mama ameitoa bunduki ya Baba, ile ya kuwindia, kalibre douze. Kumbe tangu vita ya kwanza ilikuwa chini ya jiko lake, imefungwa kwenye turubai na kupakwa mawese kila mwaka, na sisi tulikuwa tunaota moto juu yake. Aliiweka mbele ya wajomba akasema inakwenda kwa Henri. Nani angebisha? Bunduki ya mwindaji haigawanywi wala haiuzwi, inakwenda kwa mwana wa kwanza pamoja na risasi zake, na mpaka aipokee, kwa Mama matanga bado hayajaisha.

Barabarani haiwezi kupita, kila kizuizi kina mwenyewe. Kwa hiyo nimekwenda kumwona Roger, yule anayepima mizigo ya ndege ya misheni. Alikuna kichwa, halafu akasema inawezekana kama tutafuata sheria yao. Kibali cha Baba cha kuwinda kiwepo, na karatasi ya commandant juu yake. Bunduki iwe tupu, ifungwe kwenye sanduku na kufuli, ikae nyuma pamoja na mizigo, ufunguo ashike rubani. Risasi zikae kwenye sanduku lingine, mbali nayo, nazo zitangazwe. Alirudia kama mwalimu: «Bunduki peke yake, masasi peke yake. Haviko pamoja hata kidogo.» Jioni nilimwelezea Mama maneno hayohayo, akatikisa kichwa kwamba amesikia.

Kesho kutwa napanda Fizi kutafuta ile karatasi. Wakubwa wa huko hawana haraka, nitakaa hata wiki na zaidi.

Nimekuwekea tamu mwishoni. Placide amepata kiti. Alhamisi ijayo, tarehe kumi na moja, mume wako anapanda ndege. Kituo cha afya cha Nundu kimepata muuguzi mwingine badala yake, na yeye tangu apewe habari anatembea akijigonga milangoni. Miaka mitano tangu vita iwatenganishe, yaya. Jitengeneze.

Mdogo wako,
Déogratias


Bukavu, Jumatano 10 Septemba 2003

Déo mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nimesafisha nyumba mara mbili na sasa naogopa kugusa kitu. Rosette anakumbuka sauti ya baba yake, au anasema anakumbuka. Dany, ambaye alizaliwa huku baada ya njia kufungwa, ameniuliza kama baba yake atagonga mlango au ataingia tu.

Nitakuambia ukweli wewe peke yako. Ninamngoja kwa furaha na kwa woga. Watu wanaotoka huko wanaleta maneno. Wanasema muuguzi wa Nundu alikuwa anapanda milimani kuwatibu wapiganaji, analala huko. Muuguzi hachagui mgonjwa, najua. Lakini mtu akikaa miaka mitano peke yake, maneno yanakaa naye kitandani.

Henri amefurahi kupita kiasi kuhusu bunduki, kufuli amekwisha kununua. Mimi sifurahi. Serikali ya pamoja iko Kinshasa, hapa bado kila mmoja anamtazama mwenzake mkono. Kwenye uwanja wa ndege wanaoshuka kutoka Fizi wanapekuliwa hadi kwenye soli ya kiatu. Kama bunduki itakuja, ije na karatasi zake zote na ije na wewe.

Na Placide, Déo, nakuomba sana. Asibebe koli, hata kifurushi kidogo, ya mtu yeyote ambayo hakuiona ikifungwa. Hata ya mchungaji. Najua desturi yetu, msafiri ni punda wa kijiji kizima. Safari hii hapana.

Mwambie Mama nimekumbuka ndagala zake, wale dagaa wa ziwa letu.

Dada yako,
Nadège


Baraka, Jumapili 14 Septemba 2003

Yaya Nadège,

Nimeshuka kutoka Fizi jana na karatasi mfukoni, ina mihuri mpaka pembeni. Barua yako nimeikuta kwa Roger. Ilifika na ndege ileile iliyomchukua Placide, kwa hiyo ushauri wako juu ya koli umenikuta mimi sipo na yeye yuko hewani. Usihangaike, hakubeba kitu cha mtu. Alibeba sanduku lake na ndagala za Mama tu.

Hapo ulikosa kicheko. Rehema jirani amenisimulia. Kwa kuwa mimi sikuwepo kupeleka maneno kati yao, Mama aliweka kafuko kake ka ndagala chini katikati ya kiwanja, akarudi nyuma, akatazama milima. Mkwe wake akaja akitazama ziwa, akainama, akakaokota, akasema asante kwa upande wa ziwa. Miaka kumi na miwili ya ndoa na kwa heshima ya ukwe bado hawajawahi kuonana macho. Roger alipokaweka kwenye mizani alisema ndagala za mwaka huu zina mifupa mizito.

Sasa hii ya foni imetutia wasiwasi. Mwenye foni ya kanisa anasema uliita Ijumaa ukasema Placide amelazwa. Malaria? Au ni safari? Najua pale huwezi kusema mengi, ziwa zima linasikiliza. Andika basi.

Mama anauliza habari yake asubuhi na jioni. Na kila mara anamalizia na swali moja, kama ndagala zimefika na kama mmekwisha kuzimwaga kwenye ungo. Nimemwambia mgonjwa hali ndagala. Amenikasirikia.

Mdogo wako,
Déogratias


Bukavu, Jumatatu 15 Septemba 2003

Déo,

Placide hayuko hospitali. Yuko buloko, amefungwa. Kwenye foni nilisema amelazwa kwa sababu sikuwa na neno lingine ambalo lingepita.

Alishuka kwenye ndege, nilimwona kwa mbali, amekonda, amevaa lile koti la harusi. Dany alimpungia mkono kabla sijamwonyesha ni yupi. Halafu wakamwaga mizigo mezani. Askari alipindua kafuko ka ndagala, na katikati ya ndagala kukaanguka furushi la kitambaa limeshonwa kwa uzi. Wakalikata. Risasi, Déo. Zimejaa.

Walimuuliza mbele ya watu ni za nani. Nilikuwa karibu, nilimsikia kwa masikio yangu. Alitazama lile furushi muda mrefu, halafu akasema: «Ni yangu. Mi ndiye niliweka.» Hakuna aliyempiga kwanza, hakuna aliyemlazimisha. Alisema mwenyewe.

Wanasema ni za Mai-Mai, wale wapiganaji wa milimani, kwamba ametumwa. Mimi waliniita kesho yake. Waliniuliza mengi, nikawajibu nilichojua.

Miaka mitano nimelala peke yangu nikiwatetea watu wa milimani na muuguzi wao. Amekuja kwangu na risasi ndani ya chakula cha wanangu, amezificha kwenye ndagala za mama yangu. Hakuona pengine pa kuzificha? Wewe ulikuwa naye huko. Kama ulijua na hukuniambia, sema sasa.

Nadège


Baraka, Ijumaa 19 Septemba 2003

Yaya,

Barua yako iliyofika jana nimeisomea nyuma ya nyumba. Uisome hii peke yako, ukimaliza uichome.

Placide hakuweka zile risasi. Hakujua zipo.

Niliposoma neno furushi, nikakumbuka mizani ya Roger. Nilimwendea Mama jikoni nikamuuliza kama mtu anayeuliza chumvi, risasi za Baba ziko wapi, maana nafunga sanduku. Akanijibu bila kugeuka kwamba zimekwisha kutangulia. Nikakaa chini. Nikamuuliza zimetangulia vipi. Akanitazama kama mtoto ambaye amesahau somo: «Si mulisema haviwezi kaa pamoja? Sasa juu ya nini vipandishwe mu ndege moja? Nilitia masasi mu ndagala ya Nadège, bunduki utapeleka we.»

Nikamwambia, Mama, umeficha risasi. Hapo alikasirika kweli. «Mi sikuficha. Nilitenganisha, sawa vile mulisema.» Alizishona kwenye kitambaa ili zisipate unyevu wa samaki. Alitaka kumwambia mkwe wake, lakini mimi nilikuwa Fizi, na kinywa chake hakiwezi kumwambia mkwe neno. Akaona haidhuru, nyumba ni moja, Nadège atazikuta atakapomwaga kwenye ungo. Neno kutangaza kwake lilikuwa kelele za Roger tu. Kosa ni langu, sikulieleza.

Placide naye, alipoona ule uzi, alijua ni mkono wa nani. Yaya, sisi tunacheka mambo ya ukwe, lakini yeye hachezi. Mkwe hafungui alichopewa na mama mkwe, hamuulizi kuna nini, na hata siku moja hamtaji mbele ya watu kwa jambo la aibu. Kwa hiyo amesema ni zake. Anaoza kule kwa ajili ya Mama, na Mama hapa anapeta mchele. Nimemwambia ni malaria.

Sasa nisikilize. Tukisema ukweli, wataleta swali kwa Mama. Mwanamke wa Baraka, mjane wa mwindaji, risasi zimeshonwa ndani ya chakula: unajua watakavyomwita. Presha yake imepanda tangu Baba afe, siku mbili za buloko hawezi. Placide ni mwanamume, ana nguvu, ana elimu, labda watachoka naye. Kwenye foni siwezi kutamka neno risasi, pande zote mbili zinasikia, na misheni ikisikia itafunga ndege kwa sisi wote.

Mimi sijui la kufanya. Wewe uko karibu nao, wewe ni mke na wewe ni mtoto. Utakaloamua nitalikubali.

Déogratias


Bukavu, Jumamosi 27 Septemba 2003

Déo,

Sikuichoma barua yako. Nilitaka kuwa na kitu cha kukuonyesha siku nitakapokutukana uso kwa uso.

Unaniambia nichague. Upande huu mama yangu, upande huu baba wa watoto wangu, halafu unasema utakubali. Umekaa vizuri. Tangu tukiwa wadogo ukivunja kikombe unakuja kunionyesha vipande.

Sikuwa nimekuambia yote nami. Siku ile waliponiita, waliniuliza kama namjua mtu huyu. Nilikuwa na hasira, Déo, na nilikuwa na hofu ya watoto, walikuwa wamekaa nje na Henri. Nikasema: «Mutu nilioana naye nilimujua. Huyu simujui.» Wakaandika. Mkubwa wao akaniuliza mara ya pili ili nisikosee, nikarudia. Baada ya hapo walianza kumpiga. Jana nimepeleka chakula, mlinzi ameniambia sikio lake moja linatoa maji. Sijui kama walimsomea niliyosema. Namwomba Mungu hawakumsomea.

Alhamisi, nilipomaliza kuisoma barua yako, nilikwenda kusema ukweli. Nilitembea mpaka langoni, mlinzi akaniuliza nataka nini, nikamwona Mama amekaa kwenye sakafu ile ya simenti na miguu yake imevimba. Nikasema nimeleta sabuni. Leo asubuhi nilikwenda tena. Nilileta sabuni tena. Wananiita mama wa sabuni.

Henri anasema tusilete bunduki sasa, wataichukua, na itakuwa tumempoteza Baba mara mbili. Anasema shemeji atajitetea. Sikumkaripia, kwa sababu hata mimi, kwa kurudi langoni, ninasema vilevile.

Tarehe kumi mwezi ujao wanampeleka. Hawasemi wapi. Mke wa mlinzi amenishauri nimletee nguo nzito, kisha akasema, au usilete.

Mama usimwambie. Nimeamua hivyo. Nimechagua, umefurahi? Msalimie tu, mwambie ndagala zilikuwa nzuri.

Nadège


Baraka, Jumatano 8 Oktoba 2003

Yaya Nadège,

Barua hii itakufikia pamoja na Mama. Tafadhali usipige kelele kiwanjani.

Ile yako ya tarehe 27 nilimsomea Alhamisi jioni, kwa namna yangu. Salamu, watoto, ndagala nzuri, Placide anapata nafuu. Alisikiliza akinyoosha miguu. Nilipomaliza akaomba karatasi aishike. Akaipindua, akaihesabu kwa kidole. «Barua iko murefu. We umenisomea mufupi.» Nikasema ni mwandiko wako mkubwa. Asubuhi haikuwa mahali nilipoiweka. Alikuwa ameipeleka kwa Rehema.

Rehema amesoma Kurani na barua za nusu ya Baraka na haongezi wala hapunguzi neno. Alimsomea yote. Sikio, sabuni, tarehe kumi, na lile la mama wa kwenye sakafu ya simenti. Rehema anasema Mama hakulia. Aliuliza tu Alhamisi ya ndege iko lini.

Tumegombana siku tano, yaya, nisikufiche. Nilimwambia niende mimi, niseme ni mimi niliyezishona. Akaniuliza kama najua kushona. Nilimwambia watamfunga, akasema: «Banifunge. Mi niko na miaka ya kufungwa. Yeye iko na batoto.» Nilimwambia hata akifika hawezi kusema mbele ya mkwe wake. Hapo tu aliacha kubishana, akaenda kulala mapema.

Leo tumekwenda kwa Roger, maana kesho ndege haikai sana. Nilimwambia kila kitu. Nilidhani atatufukuza. Akauliza kama bado kuna risasi hata moja nyumbani. Mama akaapa hakuna. Roger akaifungua bunduki kwa kuikunja katikati, akatazama mwanga kwenye mitutu yote miwili, akaingiza kidole, akanipa mimi nitazame, akampa Mama naye atazame. Akaifunga kwenye sanduku, akaandika kwa rangi nyekundu, akaipima, akampima na Mama. Safari hii Mama ametangaza kila kitu mpaka kiberiti cha mfukoni mwake. Kibali cha Baba na karatasi ya Fizi viko ndani ya bahasha, bahasha iko kifuani mwake na haitoi hata kwa kulala.

Yaya, bunduki ndiyo itakayosema. Risasi zile ni nene, za kuwinda, haziingii kwenye bunduki ya vita hata ukipiga nyundo. Waambie wajaribu. Kama hawataki kujaribu, sijui.

Mimi Roger hana kiti changu. Nitakaa kwenye foni ya kanisa tangu saa nne. Kama mambo ni mazuri sema mgonjwa ametoka. Kama ni mabaya usiseme kitu, nitaelewa.

Anaogopa ndege, mshike mkono akishuka.

Déogratias


Bukavu, Jumatano 15 Oktoba 2003

Déo mdogo wangu,

Ulisikia kwenye foni mgonjwa ametoka. Ni kweli, ametoka. Sasa nakuandikia yale ambayo foni haikuweza kubeba.

Mama hakutaka kupitia nyumbani. Alishuka na mavumbi yake, askari wakakagua sanduku, kufuli, karatasi, kila kitu kikawa sawa na walivyoandika. Alhamisi ileile alasiri tuliingia pale mimi, yeye na Henri. Henri alibeba sanduku kama mtu aliyebeba mtoto.

Mkubwa wa pale alimsikiliza Mama, kisha akasema mabibi wazee huwa wanatumwa kusema mambo. Akaagiza Placide aletwe. Alipoingia akamwona Mama, na mara moja akapiga magoti akageuzia uso wake ukutani. Askari walicheka, walidhani anaogopa. Alikuwa anamheshimu mkwe wake, Déo, na shati limegandamana na mgongo. Mkubwa akamuuliza kama anamjua mama huyu. Akajibu ukutani: «Simujui. Masasi ni yangu.»

Mkubwa akamgeukia Mama. «Anasema hakujui. We unamujua?»

Mama aliinuka kwenye kiti. Alizunguka taratibu, unajua miguu yake, mpaka akafika kule kwenye ukuta, akajibana kati ya ukuta na Placide hadi wakatazamana. Placide alifumba macho. Mama akamshika uso kwa mikono miwili. Sikuwahi kufikiri nitaona kitu kile. Akasema kwa sauti ya kutosha watu wa nje wasikie: «Ninamujua. Anaitwa Placide. Ni bwana ya mutoto wangu. Hajawai fungua kitu yenye mi nilimupa, na hajawai kunidanganya. Leo tu ndiyo anadanganya.»

Placide alilia kama mtoto. Alilia, na bado alikuwa anatikisa kichwa kukataa.

Basi mkubwa akaagiza bunduki. Walileta zile risasi za kwenye ndagala, bado zinanuka. Akatia moja, ikaingia. Akatia ya pili, ikaingia. Akajaribu moja kwenye silaha ya askari wake, haikukaribia hata mdomo. Alisoma kibali cha Baba, akasoma karatasi ya Fizi, akaifungua na kuifunga bunduki mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Niliona ameipenda. Akasema kosa la kuficha lipo na mtu mmoja lazima alale ndani kwa ajili yake, au kitu kibaki pale.

Mama akasema bunduki ibaki. Henri akasema hapana. Akasema ni ya Baba, na tumeilinda vita mbili. Mama alimwita jina lake lote la ubatizo, akamwambia aweke saini. Henri aliweka. Hajaja nyumbani tangu siku hiyo. Nilimuuliza Mama kuhusu matanga, kama sasa yamefungwa au hayajafungwa. Akaniambia maiti ni mmoja, anatosha.

Placide ametibiwa. Sikio la kushoto halitasikia tena. Halali kwangu. Nyumba yangu ina vyumba viwili, unaijua, na mkwe hawezi kulala chini ya paa moja na mama mkwe, hata baada ya kushikwa uso. Tangu siku ile wamerudi kutotazamana, na sasa wanaona haya zaidi. Analala kwa jirani. Watoto wanaona ni jambo la kawaida, nimewaeleza ni heshima. Dany anampelekea chai asubuhi na kukaa upande wa sikio zima.

Lakini juzi nilimpelekea chakula mwenyewe. Nilikaa. Nilimwomba msamaha wa jambo moja, lile la kumfikiria vibaya kuhusu milima, nikidhani hajui jingine. Alikula mpaka akamaliza, akanawa mikono. Hakupandisha sauti. Akasema: «Mama yako alisema ananijua. We ulisema haunijui. Balinisomea kila siku, kabla ya kunipiga.»

Nilichukua sahani nikatoka. Sijui nilifikaje nyumbani.

Kiti cha Mama kilikuwa cha ndege ya kesho, Alhamisi. Utaona barua imefika bila yeye. Nimemwambia presha yake haijashuka, nimemwambia mvua, nimemwambia Rosette ana homa ambayo hana. Nimemwomba abaki wiki nyingine, na nikiweza nitamwomba nyingine tena. Maana siku akiondoka, Déo, sitakuwa na la kuwaambia watoto kwa nini baba yao analala kwa jirani.

Dada yako,
Nadège